Historia Fupi ya Mizani ya Watoto



Katika taarifa ya kila mwaka tumezoea kusoma hesabu za michango na matumizi. Yafaa pia tuijue hesabu nyingine, yaani hesabu ya uzani wa mtoto mchanga: ilianzia wapi, na kwa nini isipuuzwe.

Hapo kale mtoto alipelekwa kwa daktari alipokwisha kuugua. Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité mjini Paris, Dokta Pierre Budin alianza kuwaita akina mama waliojifungua warudi na watoto walio wazima. Watoto walipimwa uzani, na mama zao wakapewa mashauri ya kunyonyesha. Jambo hilo lilikuwa geni kwa watu wengi.

Hapa Afrika, Dokta Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, mwaka 1929. Aliona watoto waliovimba miguu, ngozi zikibambuka, nao walikuwa wakilishwa mahindi matupu baada ya kuachishwa ziwa. Hakuidharau elimu ya wenyeji, bali aliwauliza jina la maradhi hayo. Katika lugha ya Ga yaliitwa kwashiorkor, maana yake maradhi yampatayo mtoto mdogo wake azaliwapo. Aliandika habari zake mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina hilo kwa madaktari wa ulimwengu. Basi akina mama walikuwa wamekwisha kuujua wakati wa hatari kabla ya vitabu.

Tangu mwaka 1956 Dokta David Morley alifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria. Alitambua kwamba mtoto hadhoofiki kwa siku moja. Uzani wake hukoma kuongezeka kabla jicho halijaona lo lote. Kwa hiyo alitengeneza kadi yenye mistari miwili inayopanda kama njia ya mlimani. Kila mtoto apimwapo, nukta hutiwa, na nukta huunganishwa. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, ni onyo. Ukishuka, ni hatari. Tena kadi ilitunzwa na mama mwenyewe, wala haikufungiwa ofisini.

Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitoa kadi ya namna hiyo kwa matumizi ya nchi nyingi. Mwaka 2006 likatoa vipimo vipya, vilivyopatikana kwa kuwapima watoto wa nchi sita, Ghana na Oman zikiwamo. Ilidhihirika kwamba watoto wadogo wa mataifa mbalimbali, wakinyonyeshwa na kutunzwa vyema, hukua kwa kiasi kinachofanana. Kwa hiyo mtu asiseme, “Watoto wa kwetu ndivyo walivyo.”

Nchini Kenya mchoro huo umo katika kijitabu cha mama na mtoto. Chanjo ya surua hutolewa kwa miezi 9, na tena kwa miezi 18. Lakini wako wazazi ambao, wakisha kupata ile ya kwanza, hukiweka kijitabu sandukuni. Nao ndio wakati wa kuangalia zaidi, kwa kuwa tangu mwezi wa 6 maziwa ya mama peke yake hayatoshi, na chakula kibaya au kuhara huweza kuulaza mstari upesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mizani huuonyesha ufa ungali mdogo, wakati ambapo yai, maharagwe au uji ulioongezwa maziwa vyaweza kuuziba. Basi kila baba na atoe nauli ya kliniki bila kunung'unika, na kila mzee atembeleapo wajukuu aombe kukiona kijitabu, aulize: mwezi huu mstari umepanda?