Uchumi wa Vijiji na Nyumba Bora, Babati

Babati ni mji wa kaskazini mwa Tanzania, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Umekaa kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi wa vijiji vya jirani hulima mahindi, mbaazi na alizeti, na mpunga upande wa Magugu.

Vijijini humo nyumba hujengwa kwa mavuno. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilifungwa 1995, na mikopo ya nyumba ya benki za leo ni ya wenye mishahara zaidi kuliko wenye mashamba. Mkulima hufyatua matofali msimu huu, hupandisha kuta msimu ujao, na mabati hungoja bei nzuri. Kwa hiyo India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje mwaka 2017 na bei ikaporomoka, hasara hiyo iligusa ujenzi pia.

Tembe la zamani, lenye paa bapa la udongo, halikudai fedha nyingi, lilidai miti. Hapo ndipo Duru-Haitemba, msitu wa miombo wilayani Babati, unapostahili kutajwa kwa heshima. Serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, wanavijiji wakakataa. Kuanzia 1994, kwa msaada wa mradi wa LAMP uliofadhiliwa na Sweden, vijiji vinane, vikiwamo Ayasanda, Riroda, Gidas na Bubu, vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Mfano huo ulisaidia kuzaa Sheria ya Misitu ya 2002, na ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo vijiji vya Tanzania vimewahi kuifundisha serikali.

Tofali la kuchoma, hata hivyo, hula kuni nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hueneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachokopa kununua mashine hiyo hupata biashara, na majirani hupata tofali bila kugusa msitu.