Safari ya Herufi: Kutoka Sanduku la Risasi hadi Faili la Bariadi

Bariadi ni nchi ya Wasukuma wa Ntuzu, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Na mji wake ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Mtu wa huko atakaye kuweka kitabuni hadithi za wazee wake, majina ya watemi na nyimbo za ngoma, haimpasi tena kungoja hisani ya kiwanda kikubwa. Huandika kwa kompyuta, hupanga kurasa mwenyewe mezani pake, huzifunga katika faili, na faili hilo hulituma kwa mpiga chapa wa Mwanza au Dar es Salaam. Lakini kitabu kirudipo huenda kikawa na makosa ambayo mkono wake haukuyatenda: palipokuwa na herufi yake pana kisanduku kitupu, mistari imesogea, na jina la babu halisomeki. Watu wengi hudhani kwamba taabu hii ilizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo, ni kongwe kama kazi ya chapa yenyewe katika Afrika ya Mashariki.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alikuwa mwanachuoni, na tena alikuwa mtu aliyeijua kazi ya kupanga herufi, naye aliwafundisha kazi hiyo vijana waliookolewa katika utumwa. Mpanga herufi wa siku zile alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Herufi isiyokuwamo sandukuni haikuweza kupigwa chapa, hata ikiwa ulimi waitamka kila siku. Steere alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, mwaka 1870, aliiandika lugha kwa herufi za kawaida za Kirumi, bila vitone na mikia. Sauti ambayo herufi moja haikuitosha iliandikwa kwa herufi mbili, kama ch na sh. Na sauti iliyomo katika neno ng'ombe ilipata baadaye alama ndogo ambayo kila sanduku linayo.

Njia hiyo haikuwa ya pekee iliyojulikana. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hapo, na Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu Unguja. Lakini tahajia ya Kirumi ndiyo iliyoshika shuleni. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilipoanza kazi mwaka 1930 ili kusanifu lugha, iliendelea katika njia hiyo hiyo. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Kitabu cha Kiswahili kingeweza kupigwa chapa London, Nairobi au Kipalapala karibu na Tabora, na popote pale mpiga chapa hakuhitaji kununua hata herufi moja mpya. Lugha ilisafiri kwa sababu mzigo wake ulikuwa mwepesi.

Kisukuma hakikujaliwa wepesi huo. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba. Baina ya i na e imo irabu nyingine, na baina ya u na o imo nyingine tena. Wataalamu wa lugha huziandika ĩ na ũ, au hutumia herufi ɪ na ʊ. Herman Batibo, katika utafiti wake uliotolewa Paris mwaka 1985, aliiita lugha hiyo kwa Kifaransa kesukuma, akaweka e mahali ambapo Kiswahili huweka i. Hivyo hata silabi ya kwanza ya jina la lugha yaonyesha shida iliyopo. Vitabu vingi vya dini na vya kusomea, hata hivyo, vimekiandika Kisukuma kwa herufi zile zile za Kiswahili. Katika konsonanti mavazi hayo ya kuazima yamefaa: sauti ya kwanza ya salamu mhola imeandikwa vyema kwa m na h. Katika irabu yamebana, kwa kuwa sauti saba zimetiwa katika vyumba vitano, na msomaji hana budi kukisia.

Wagĩkũyũ wa Kenya walikata shauri jingine. Wao pia wana irabu saba, na walizipokea ĩ na ũ katika maandishi ya kila siku. Gazeti la Mũigwithania, ambalo Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wake mwaka 1928, lilikuwa la lugha hiyo, na mwaka 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kwa lugha hiyo riwaya ya Caitaani Mũtharaba-Inĩ. Lakini shauri hilo nalo lilikuwa na gharama yake. Mtambo wa Linotype, ulioanza kazi New York mwaka 1886 na kuenea duniani, ulikuwa na vibonye 90. Herufi isiyokuwa na kibonye ilipaswa kutiwa kwa mkono. Jina la Ngũgĩ mwenyewe limepigwa chapa mara nyingi bila ya alama zake, na wageni wamelisoma kwa sauti za u na i, ambapo matamshi yake yakaribia o na e.

Kisha ukaja uchapishaji wa mezani. Lugha ya kurasa iitwayo PostScript ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984. Mwaka 1985 ikafuata programu ya PageMaker, pamoja na mashine ya LaserWriter ya Apple. Sanduku la risasi likageuka kuwa fonti, yaani faili lenye maumbo ya herufi. Ilitumainiwa kwamba sasa kila lugha ingepata herufi zake. Kumbe sanduku jipya nalo lilikuwa na vyumba vyenye hesabu: fonti za wakati huo zilitumia nafasi 256 tu kwa mpangilio mmoja. Kipimo cha kimataifa cha mwaka 1987, kilichowekwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Magharibi, kilikuwa na ã na õ kwa faida ya Mreno, na ñ kwa faida ya Mspanyola. Alama ya wimbi ilikuwamo. Ila juu ya i na juu ya u haikuwekwa, kwa kuwa mwenye kuihitaji hakuwapo barazani.

Waandishi wa lugha za Afrika wakajitafutia hila. Walichora herufi zao mahali pa herufi za wengine, wakaweka ĩ katika chumba cha î ya Kifaransa. Mezani pa mwandishi ukurasa ulionekana sahihi. Ulipofika kwa mpiga chapa asiye na fonti ile, mashine ilitwaa fonti nyingine, na herufi ya Kifaransa ikatokea. Tena kwa kuwa herufi za fonti moja si sawa kwa upana na za nyingine, mistari ilivunjika mahali papya na kurasa zikaongezeka.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kwa hatua mbili. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa Unicode, ambao huipa kila herufi namba yake yenyewe. Ĩ na ũ zimo, na Wavietinamu pia huzitumia. Mwaka 1993 ikatolewa PDF, namna ya faili iwezayo kubeba fonti ndani yake, na tangu 2001 kipimo cha PDF/X kimeagiza kwamba faili la kupelekwa chapani libebe fonti zote. Hivyo herufi yaweza kusafiri na mwenyewe.

Lakini yaweza kusafiri ikiwa imepakiwa. Mwandishi wa Bariadi apaswa kwanza kuchagua fonti yenye herufi zake zote, kama vile Charis au Gentium, zitolewazo bure na shirika la SIL. Na asizitazame za maandishi ya kawaida tu, bali na za mlalo na nzito, na ile ya jalada, kwa maana fonti za mapambo mara nyingi hazina ĩ. Pili, aandike herufi kwa namba yake ya Unicode, asiibandike kwa hila. Tatu, akisha kutengeneza PDF, afungue orodha ya fonti zake na kuhakikisha kwamba kila moja imetiwa ndani. Mwisho, alifungue faili hilo katika kompyuta nyingine isiyo na fonti hizo, kisha aombe karatasi moja ya kujaribia kabla ya nakala mia tano kupigwa chapa. Kazi hiyo ni ya saa moja, nayo ndiyo ukaguzi ambao zamani mpanga herufi aliufanya kwa macho na vidole.

Kwa muda mrefu aliyeandika Kisukuma kwa irabu tano aliweza kutoa udhuru wa haki, kwamba chapani hapakuwa na herufi nyingine. Udhuru huo umekwisha. Shauri la kuandika irabu tano au saba bado ni la Wasukuma wenyewe, na wapo watakaosema kwamba tano zawatosha waliozoea kusoma Kiswahili. Lakini hadithi ya mzee wa Ntuzu ikipigwa chapa leo bila ya irabu zake, msomaji wa miaka hamsini ijayo, ambaye huenda hakuisikia lugha hiyo mdomoni mwa bibi yake, hatakuwa na mtu wa kumwuliza neno lile lilitamkwaje.