Stesheni ya Kigoma na Sisi Watu wa Ng'ambo

Kule Misisi, katika teritware ya Fizi, watoto wengi wa shule hawajaona gari la moshi hata mara moja. Hakuna njia ya chuma Fizi wala Baraka. Wengine watauliza: basi, historia ya stesheni inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kwani stesheni moja ng'ambo ya ziwa, ile ya Kigoma, imegusa maisha ya baba zetu na yetu pia.

Kwanza tukumbuke jinsi watu walivyosafiri zamani. Mwezi wa sita 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo kwa miguu, na wapagazi wengi pamoja nao. Padri Pascal, mkubwa wa kundi la Tanganika, alifia njiani. Wenzake walifika Ujiji mapema mwaka 1879, kisha mwaka 1880 wakaanzisha misioni huko Masanze, upande wetu. Katika njia ileile misafara ya watumwa na ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka pwani. Injili ilipanda kwa barabara ambamo watumwa walikuwa wakishuka katika minyororo.

Mwaka 1905 Wadachi walianza kujenga njia ya chuma toka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwezi wa pili 1914 ikafika ziwani. Urefu wake ni kilometa 1.252, na toka chuma hata chuma ni meta moja. Lakini angalia: haikuishia Ujiji, mji mkubwa wa siku zile, ila Kigoma, karibu nao. Sababu yake ni maji. Mbele ya Ujiji maji si ya kina. Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga ya upepo, na meli kubwa yaweza kufunga pale. Hivi Ujiji ukaanza kupungua, Kigoma ikakua.

Mpango wa stesheni wenyewe unafundisha jambo hilo. Ukitoka Mwanga, ukishuka na barabara kubwa ya mji, ambayo leo inaitwa kwa jina la Lumumba wetu, unaikuta stesheni chini kabisa. Ni nyumba kubwa ya ghorofa, yenye matao, kubwa kuliko haja ya mji mdogo. Nyuma yake ziko reli, na reli zinaendelea mpaka bandarini, ili mzigo utoke katika behewa uingie katika meli. Basi stesheni hii haikujengwa kwa ajili ya Kigoma tu. Waliijenga wakiangalia ng'ambo, yaani Kongo na mali yake.

Mwaka uleule 1914 vita ikaanza. Meli Goetzen, iliyoletwa vipande vipande kwa gari la moshi, ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe wakaizamisha, maana askari wa Kongo chini ya Wabeleji walikuwa wanakaribia. Waingereza waliitoa tena mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Upande wetu, njia ya chuma toka Kabalo ilifika Kalemie, iliyoitwa Albertville, mwaka 1915, kilometa 273. Basi stesheni mbili zikatazamana, na ziwa katikati. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabeleji mahali pao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ili mali ya Kongo ipite pale.

Njia ya chuma haichagui inachobeba. Ilileta chumvi, nguo na vitabu. Lakini miaka ya 1964 na 1965, wakati wa maasi ya Wasimba, silaha pia zilipitia Kigoma, kisha zikavuka ziwa usiku hata pwani ya Fizi. Na tangu 1996 vita ilipowasha nchi yetu, maelfu ya watu wa Fizi walivuka kwa mitumbwi wakatafuta kimbilio upande wa Kigoma. Wengi wao walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Tangu 2005 wengine walirudi kwa meli kutoka Kigoma hata Baraka. Katika parokia zetu wako wakristu waliobatizwa kambini, na wakatekista waliojifunza kazi yao kule.

Mwaka 2022 serkali ya Tanzania ilitia sahihi mapatano ya kujenga njia mpya, pana zaidi, toka Tabora hata Kigoma. Watu watashangilia, na ni haki yao. Lakini sisi tujiulize mapema: itakapofika, itabeba nini toka kwetu? Dhahabu ya Misisi peke yake, na vijana wetu wabaki na mashimo? Au mavuno ya mashamba, na wanafunzi wanaokwenda kusoma na kurudi?

Reli ni chuma tu. Wema au ubaya wake unatoka katika mioyo ya wale wanaopakia mabehewa. Kwa hiyo, ndugu, mchungaji anayetaka kuwaongoza watu wake vema asijue njia za porini tu; ajue pia njia inayoishia ng'ambo ya ziwa.