Magenge ya Kua

Ukienda kisiwa cha Juani, Mafia, usitarajie majabali marefu. Magenge yake ni mafupi, ya matumbawe ya kale, yameliwa na maji kwa chini mpaka yanafanana na uyoga. Magofu ya mji wa Kua yamejengwa kwa mawe hayohayo. Aliyetutembeza alisimulia kisa cha watu wa Kisimani walioalikwa arusini Kua, wakafungiwa chumbani wafe. Wageni tunakipenda, si utani. Ila kilichoumaliza mji ni Wasakalava kutoka Bukini: mwishoni mwa miaka ya 1820 walikuja na ngalawa, wakaua, wakabeba watu utumwani. Walionusurika wakahamia Chole. Mashua yetu ilipita hapo wakati wa kurudi. Ni karibu mno.