Hongo ya Maji

Kilimatinde imekaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Manyoni. Nimekuja kuitafuta njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora. Wapagazi walipanda hapa na mizigo begani, kisha wakaingia Mgunda Mkali, pori la vichaka lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Maelfu walivukaje?

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 vinajibu nusu tu. Kurasa nyingi zinalalamikia hongo: vitambaa, shanga na waya walizotozwa na watemi wa Ugogo. Wengi wanaiita unyang'anyi. Lakini walioandika ni walipaji watupu. Waliopokea wangesemaje?

Mzee mmoja ananijibu bila kusita. "Mwanangu, maji yalikuwa na wenyewe. Aliyekunywa alilipa." Namheshimu, ila simalizi hapo. Mjukuu wa waliopokea naye huwatetea babu zake, na hongo nyingine zilikuwa za kupita tu, hata msafiri asiponywa. Ushahidi usio na upande nitaupata wapi?

Nashuka kwenye mto mkavu. Mama mmoja amesimama ndani ya shimo la mchanga, kina cha kiuno, anachota maji kwa kikombe, taratibu, yasitibuke. "Mto ukishuka masika, shimo linafukiwa. Tunachimba upya," ananiambia. Hili halithibitishi kwamba kila hongo ilikuwa ya haki. Linathibitisha kwamba maji ya njiani yalidai mikono ya watu kila mwaka. Kazi hiyo kwa ajili ya misafara iliisha lini?

Naifuata njia ya miguu nusu siku. Inapotelea katika shamba la alizeti. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ikafifia. Wengi husimulia kwamba reli ilimaliza taabu ya njia. Nina shaka. Desemba 2009 mafuriko yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Manyoni, mbali na mafuriko hayo, ikabaki inasubiri. Hasara ya kusubiri iliandikwa katika daftari gani?

Barabara nayo ina taabu yake. Kando yake nachuchumaa mbele ya kalavati. Mchanga, miiba na chupa za plastiki vimeziba nusu ya mdomo wake. Ukingoni mwa lami, ardhi imeanza kumeguka. Mkoa huu wa Singida una msimu mmoja wa mvua, na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka. Mvua inayokuja kwa kishindo haitapita kwenye nusu ya kalavati. Itatafuta njia juu ya lami. Kuzoa mchanga huu ni kazi ya makoleo. Kuijenga upya barabara iliyokatika ni kazi ya bajeti. Kwa nini tunaingoja ya pili?

Fedha zinatolewa. Kila lita ya mafuta ina tozo ya barabara, na abiria wa bodaboda huilipa ndani ya nauli. Hiyo ndiyo hongo yetu. Tofauti ni moja: zamani aliyepokea aliishi kando ya shimo, akaliona likifukiwa. Leo fedha husafiri mbali kabla ya kurudi, na mchanga haungoji. Nani atauzoa kabla ya mvua za Novemba?