Shaba kwa Kilo

Sisi watoto wa Miritini tulikuwa na mashine yetu ya kutafutia chuma kabla hatujajua kama kuna mashine za kutafutia chuma. Ilikuwa sumaku ya spika mbovu, imefungwa kamba ya nailoni. Maji yakitoka tunashuka Mkupe, tunapita kwenye mikoko na tope la magoti, tunaiburura sumaku mpaka inase kitu. Misumari, vifuniko vya chupa, vipande vya mnyororo. Kigunia kikijaa tunampelekea mtu wa skrapu kule barabarani. Anapima kwa mzani wake ambao siku zote ulikuwa na usingizi, tunapata hela ya viazi karai.

Shaba sumaku haiinasi. Kwa hiyo kile kipande nilikipata kwa mguu, nilikikanyaga. Kilikuwa kama kiganja kwa ukubwa, kijani, kizito kushinda umbo lake, na ukingoni kina maandishi yaliyolika. Rafiki yangu akasema ni Kiarabu, mimi nikasema ni Kizungu, tukabishana njia nzima. Mtu wa skrapu hakubishana na yeyote. Alikikwaruza kwa tupa, akaona wekundu, akakitupa kwenye mzani. Shilingi 180. Nilikuwa darasa la sita na nilijiona tajiri.

Baadaye nilisoma historia chuoni kwa mihula mitatu, kabla karo haijanishinda. Katika ile mihula mitatu nilijifunza jambo moja lililonifanya nikose usingizi kwa ajili ya zile shilingi 180, nalo ndilo nataka kuwasimulia. Lakini kwanza twende Pirates.

Desemba iliyopita nilikuwa pale ufukweni wa umma, saa kumi na mbili asubuhi, siku moja baada ya sikukuu. Ile bichi ya watu elfu, ngamia na maboya ya kukodisha ilikuwa tupu. Kaka mmoja alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, kavaa vifaa vya masikioni, anatembeza fimbo yenye kitu kama sahani chini. Nikamsubiri atoke. Akaniambia mashine aliletewa na binamu yake anayefanya kazi Dubai. Mfukoni alikuwa na sarafu za shilingi 20 na 40 zilizoanza kuwa nyeusi, hereni moja, na risasi za kuvulia samaki, za kutosha kuzamisha mtumbwi.

"Watu wakiingia majini vidole vinanywea," akanieleza. "Pete inatoka yenyewe, mwenyewe hana habari."

Nilimuuliza inavyofanya kazi, naye akajua kueleza. Ile sahani ina koili ya waya. Umeme ukipita inatoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikigusa metali, ndani ya metali kunazunguka umeme mdogo, nao unajibu. Mashine inasikia lile jibu. Kasheshe ni kwamba maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, kwa hivyo detekta ya kawaida ukiishusha kwenye mchanga uliolowa bahari inapiga kelele ovyo kama mlevi. Za baharini nyingi hutuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi, kisha zinanyamaza zisikilize. Jibu la maji hufa upesi, la metali hukawia. Tofauti yake ni sehemu ndogo mno ya sekunde, na pete inajulikana hapo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyuhuyu wa simu, akaletwa na chombo chake aitafute risasi mwilini. Akashindwa. Kitanda kilikuwa na springi za chuma, na daktari alimruhusu apime upande aliouamini yeye tu. Rais alikufa Septemba. Katika Vita Kuu ya Pili afisa wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza ya kutafutia mabomu ya ardhini, ikatumika El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha mashine za jeshi zikauziwa raia, na raia wakaelekea bichi.

Sasa, hapa Mombasa kitu kikubwa kabisa kilichowahi kupatikana majini hakikuwa pete. Kilikuwa meli nzima, na iko pale chini ya Fort Jesus mpaka leo.

Inaitwa Santo António de Tanna, manowari ya Wareno. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na mzingiro ukaenda karibu miaka mitatu. Njaa na maradhi viliua watu kuliko mizinga. Kufikia katikati ya 1697 Wareno wa ndani walikuwa wamekwisha, na aliyebaki kuishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Hii sehemu shuleni hatukuambiwa. Tuliambiwa Mreno na Mwarabu tu, kana kwamba sisi tulikuwa tumekaa barazani tukitazama. Santo António ikaja na msaada Septemba ile, ikapata misukosuko ya vita, ikapoteza usukani, na tarehe 20 Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome iliyokuja kuiokoa. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Miaka ya 1960 wapiga mbizi wawili wa hapa, Conway Plough na Peter Phillips, waliyakuta mabaki. Hapa ndipo hadithi ingeweza kwenda Miritini. Shaba ilikuwepo, na shaba ina bei. Lakini habari ikafika makumbusho, na kati ya 1977 na 1980 timu ya Robin Piercy, wataalamu wa akiolojia ya baharini wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa, ikaja kuichimbua. Walipima kila kitu kabla ya kukiinua: kimelala wapi, juu ya ubao gani, pembeni ya nini. Walipomaliza hawakuitoa meli. Mbao zilifukiwa tena kwenye mchanga, maana mbao iliyolowa miaka mia tatu ukiianika inapasuka, na chuma kilichonyonya chumvi ukikiacha hewani kinameguka kama biskuti. Ukienda Fort Jesus leo utaona vyombo vilivyotoka humo. Lakini wanaojua watakwambia mali yenyewe ni ile michoro na vipimo. Chungu kikiwa peke yake ni chungu tu, ila kikikutwa upande wa jikoni la meli kinakuonyesha baharia alikula nini wiki ya mwisho.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Hata kama mtu wa skrapu angenirudishia kile kipande leo, kimeshakufa nusu. Mimi ndiye niliyekitoa topeni, na sikuangalia kilikuwa kimelala na nini.

Mfano mwingine, na huu unaniuma kwa sababu ni wa kwetu ingawa ulitokea mbali. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kituoni kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Ufukweni akaokota sarafu tisa. Nne za Kiholanzi. Tano za Kilwa, shaba ya masultani wetu, huko Australia! Akaziweka kwenye kopo. Zilifika makumbusho 1979, na ramani aliyotia alama ya X. Tangu hapo wasomi wanavutana: zililetwa na jahazi lipi, karne gani, na mfuko wa nani? Alama ya X inakuonyesha mahali tu.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inasema ukikuta kitu cha kale utoe taarifa ndani ya siku saba, na kutafuta vya kale kunataka leseni. Kitu cha kale, kwa hesabu ya sheria, ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Huo ni mwaka ambao Mwingereza alitangaza himaya yake. Sijaizoea hesabu hiyo bado. Pesa ya shaba yenye jina la Mombasa, ile ya kampuni ya Waingereza ya 1888, ni ya kale. Senti ya mkoloni iliyofuata ni uchafu wa bichi tu. Nilimwambia yule kaka wa Pirates haya yote. Akacheka. "Siku saba? Skrapu wanalipa papo hapo, mwanangu."

Nami sikuwa na jibu, maana ni kweli. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya nguzo za umeme zilizohujumiwa, huku kwetu vijana walikaa maskani mikono mitupu mpaka Mei iliporuhusiwa tena. Siku hizo hakuna aliyenizungumzia historia. Walizungumzia unga. Mimi mwenyewe naandika kwa kulipwa kwa makala, na kuna miezi ambayo mzani wa skrapu ungenifaa zaidi. Kumlaumu mtoto anayeuza shaba ya topeni siwezi. Ninachotaka ni yule mwenye mzani awe na namba ya simu ya makumbusho ukutani, na awepo wa kuipokea, na yule mtoto apewe angalau ile bei ya kilo kabla hajaambiwa asante.

Kabla sijaondoka Pirates mashine ililia mara moja zaidi, maji ya magotini. Kaka akachota mchanga kwa kichujio chake, akatikisa, akanitupia kitu. Senti 10 ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati, 1952. "Hii haina bei," akasema. "Chukua."

Safari hii nilimwomba asimame palepale. Nikahesabu hatua mpaka kwenye mnazi wa kwanza, nikaandika kwenye simu: hatua 41, maji ya magoti, mchanga wa kina cha kiganja, jirani yake risasi mbili za kuvulia. Aliniona mwehu.

Nyumbani nilimpa nyanya aitazame. Aliipitisha kidole kwenye tundu, akasema walikuwa wakizitunga kwenye uzi zisipotee, kisha akaifunga kwenye pindo la leso yake. Nimeiomba mara mbili. Anasema aliipoteza yeye.