Gumbo na Bamia: Asili ya Majina ya Vyakula vya Lafayette

Historia ya watawala huhifadhiwa katika hati. Historia ya watu walionyimwa kalamu aghalabu huhifadhiwa katika majina ya vyakula vyao. Mji wa Lafayette, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, ni mfano mzuri wa jambo hili.

Yafaa kwanza tuyatazame majina mawili yanayoandikwa katika milango ya mikahawa ya mji huo: Kikajuni na Kikrioli. Wakajuni ni wazawa wa Waakadia, yaani walowezi Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia kuanzia mwaka 1755. Kundi lao mashuhuri, lililoongozwa na Joseph Broussard, lilifika Louisiana mwaka 1765. Jina "Akadia" lilipoteza silabi ya mwanzo, likabadilika matamshi, hata likawa "Kajuni". Neno "Krioli" lina asili ya Kireno na Kihispania. Hapo kale lilimtaja mtu yeyote aliyezaliwa koloni, awe Mzungu au Mwafrika. Leo, katika sehemu za Lafayette, hujiita hivyo hasa watu weusi na wale wa asili ya mchanganyiko waliorithi Kifaransa.

Chakula kinachodaiwa na pande zote mbili ni gumbo. Huu ni mchuzi mzito uliwao kwa wali. Unga wa ngano hukaangwa polepole katika mafuta mpaka uwe wa rangi ya hudhurungi, ndipo hutiwa vitunguu, pilipili hoho, supu, na ama kuku na soseji, ama kamba na kaa. Mbinu ya kukaanga unga ni ya Kifaransa. Wapishi wengine huuzidishia uzito kwa unga wa majani ya msasafrasi, ujuzi uliotoka kwa Wachokto, wenyeji wa nchi hiyo kabla ya Wazungu. Wengine hutia bamia.

Hapa ndipo penye siri ya jina. Wataalamu wengi hulihusisha neno "gumbo" na "kingombo", jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Merikebu za kwanza zilizoleta watumwa kutoka Afrika moja kwa moja zilifika Louisiana mwaka 1719. Watu hao walinyang'anywa uhuru na majina yao, lakini jina la mboga yao lilibaki. Ajabu ni kwamba Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, huiita mboga hiyo kwa neno la Kiarabu, ilhali Louisiana, ng'ambo ya bahari, imehifadhi la Kibantu.

Hata hivyo, jina la jumla laweza kuifunika historia hiyo. Mwaka 1971 bunge la jimbo lilizitambua wilaya 22 za eneo hilo kuwa nchi ya Waakadia. Katika miaka ya 1980 mpishi Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas, jirani ya Lafayette, aliupatia upishi wa Kikajuni sifa kote Marekani. Sifa hiyo ilistahili. Lakini biashara ikazoea kukibandika kila chakula cha huko jina la Kikajuni, na mchango wa Wakrioli weusi ukafifia machoni pa wageni.

Mwanaistilahi ana la kujifunza hapa. Anayefasiri "gumbo" kuwa "mchuzi wa bamia" anakosea mara mbili: gumbo nyingi hazina bamia kabisa, na neno lenyewe linapotea pamoja na habari zake. Ni bora tulipokee kama lilivyo, tuliweke katika ngeli ya N-, na kamusi zetu zieleze asili yake. Kwa kulipokea hatutakuwa tumekopa neno geni. Tutakuwa tumemkaribisha nyumbani ndugu aliyechukuliwa kwa nguvu.